Kompyuta Isiyouliza Maswali

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mtu wa mikono ya haraka. Mtu akianza kunieleza kompyuta yake ina shida gani, kabla hajafika katikati ya maelezo nimeshamwondoa kwenye kiti na vidole vyangu vinakimbia juu ya kibodi yake. Katika duka la vifaa vya ofisi mjini Kisii, nilikofanya kazi miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wateja walinizoea hivyo. Tajiri wangu, mzee wa Kihindi aliyelirithi duka kwa baba yake, alinionya mara kadhaa. "Madam," aliniita hivyo kila alipokuwa na lawama, "mashine unaitengeneza vizuri sana, lakini mwenye mashine unamfukuza." Nilicheka nikidhani ananitania tu.

Kazi ya Magwagwa ilipitia kwake. Kulikuwa na nyumba ndogo ya watawa huko, masista wanne waliokimbia vita upande wa Kongo, ingawa sisi bado tulisema Zaire kwa mazoea. Shule moja ya Ubelgiji iliwapelekea kompyuta tano kuukuu zilizofungwa kwa mablanketi ya kijivu. Diski zake zilikuwa zimefutwa kabisa, na kibodi zilikuwa zimepangwa herufi kwa mtindo wa Kifaransa. Nyumbani kwa mama yangu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapo. Mimi nilipanga chumba Kiogoro kwa ajili ya kazi, na kila Ijumaa nilirudi kwa mama kabla ya jua kutua, kwa sababu sisi ni Wasabato, Sabato yetu huanza Ijumaa jua linapotua, na kwa mama likitua ungali njiani utajieleza. Tajiri akasema kazi hiyo ni ya kwetu, niende mimi.

Sista mkuu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, ndiye aliyenieleza haja yao. Wenzake wawili na yeye walitaka kompyuta za kuandikia barua, na hilo lingeweza kungoja. Lililokuwa na haraka ni la sista wa nne, mkongwe wao, ambaye wote walimwita Mama. Huyo alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka thelathini katika kituo cha misheni kando ya Ziwa Kivu. Kila mtoto aliyempokea aliandikwa kwenye daftari kubwa: jina, siku, mama na baba. Daftari hizo ziliteketea pamoja na kituo. Sasa barua zilikuwa zinamfuata Magwagwa kutoka kambi za wakimbizi na miji ya mbali, vijana wakimuuliza walizaliwa lini na nani atawashuhudia. Asiye na karatasi ya kuzaliwa hana umri, na asiye na umri hapati kitambulisho wala hafanyi mtihani.

Mama alikuwa nao wote kichwani. Lakini alikuwa na presha ya macho, na daktari alimwambia wazi kwamba mwanga uliobaki unaisha taratibu na haurudi. Mwandiko wake wa mkono ulikuwa umeharibika hata wenzake hawakuweza kuusoma. Walijaribu kumwandikia huku yeye akitaja, ikashindikana, na sababu yake sikuielewa siku ile. Kilichobaki ni kupiga chapa. Alifundishwa kazi hiyo akiwa msichana, na vidole vyake havikuhitaji macho kuzijua herufi zilipo. Aliomba apatiwe mashine ya kumwaga vyote vilivyomo kichwani kabla giza halijafunga mlango.

Programu nilikuwa nazo. Mpwa wa tajiri alituletea kutoka Nairobi sidii iliyokuja na jarida la kompyuta, na ndani yake mlikuwa na Linux, programu ya kuendeshea kompyuta nzima, za aina mbalimbali. Linux ilikuwa ya bure, haina leseni ya kununua, na ilijua Kifaransa, jambo ambalo programu zetu nyingine dukani hazikulijua. Aina mbili zilifaa. Ya kwanza ilikuwa na madirisha, vitufe, picha za rangi, na menyu zote kwa Kifaransa. Ya pili ilikuwa nyeusi tupu, maandishi meupe na basi, na maelezo yalisema inafaa mashine dhaifu. Mashine za Magwagwa zilikuwa dhaifu kweli, kumbukumbu megabaiti nane tu. Lakini sikufikiri mara mbili. Nilichagua ile ya rangi, kwa kuwa nilitaka masista wapige makofi.

Na walipiga. Nilishinda huko Jumanne na Jumatano nikihangaika, mashine zikihema, taa ndogo ya diski ikiwaka bila kupumzika. Jumatano alasiri nikamweka Mama kitini, nikakamata mausi mwenyewe, nikamfungulia dirisha la kuandikia, nikampangia vidole juu ya kibodi. Akaandika majina matatu, yakatokea. Sista mkuu akapiga makofi kama nilivyotaka.

"Ni muzuri," Mama akasema kwa Kiswahili chao cha Kivu. "Asanti sana, binti."

Nikarudi Kiogoro kifua mbele.

Jumamosi ile, ibada ilipokwisha, tulitoka kanisani na kumkuta sista mkuu amesimama langoni katika kanzu yake nyeupe. Waumini walimkodolea macho. Sista wa Kikatoliki kwenye lango letu siku ya Sabato hakuwa kitu cha kawaida, na wengine walidhani ameleta habari za msiba. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Dada, samahani kwa siku yenu. Mama anaandika tangu Alhamisi, asubuhi mpaka jioni. Leo nimekwenda kutafuta alichoandika ili nikichapishe. Hakuna kitu. Hata jina moja."

Mimi ninavyojijua, hofu ikinishika natoka na hasira, kwa hiyo nikamjibu kwamba bila shaka Mama amebonyeza asipotakiwa kubonyeza.

"Inawezekana," sista akasema. "Ila tangu nimwambie hataki kula."

Mama yangu alikuwa amesimama kando yangu, Biblia kwapani, akisikiliza kila neno. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, fundi mwenye cheti, lakini siku ya Sabato nilikuwa mtoto wake tu. Akanigeukia na kusema kwa Kigusii, "Kumtembelea mgonjwa si kazi. Twende. Lakini nikikuona umegusa hicho kitu, tutajuana."

Tukaenda, sista mbele, mimi katikati na mama nyuma kama askari.

Mama mkunga tulimkuta ameketi mbele ya mashine iliyozimwa, mikono mapajani. Mama yangu Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini hakisiti. "Pole, mama," akasema. "Sisi tumekuja kusalimia wewe tu. Huyu leo hafanyi kazi."

"Njo vile, mama," yule mkongwe akajibu, kwao maana yake ndivyo, akatabasamu kidogo. "Kila mutu na siku yake."

Mama yangu akaketi kwenye benchi ukutani na kunionyesha nafasi kando yake. "Ikalie," akasema, akimaanisha mikono yangu. Alimaanisha hasa. Nikaiweka chini ya mapaja, mmoja huku na mwingine kule, nikaikalia. Kisha nikamwomba Mama mkunga aiwashe na afanye alivyokuwa akifanya siku zote tatu, sisi tutazame.

Sijapata kuteseka hivyo. Akawasha. Tukangoja, tukangoja, mama yangu akafungua Biblia akasoma zaburi nzima akaimaliza, ndipo rangi zikatokea. Mama mkunga akashika mausi na kuanza kuusaka mshale. Alikuwa akigeuza kichwa polepole, kama mtu anayechungulia nyumba kwa tundu la kufuli. Mshale ulikuwa kwenye kona ya chini, mimi nauona, mama yangu anauona, hata sista aliyesimama mlangoni aliuona. Yeye alipita juu yake mara nne. Mikono ilikuwa inaniwasha chini ya mapaja. Siku nyingine yoyote ningeshampokonya mausi, nikabonyeza, na kazi ikaendelea, nami nisijue kamwe anachokiona na asichokiona.

Mwishowe akaupata kwa bahati, dirisha likafunguka, akaanza kuandika. Uso wake ulilainika. Vidole vilienda bila kusitasita, midomo ikinong'ona majina. Ndipo kwenye kona ya juu kikatokea kisanduku kidogo chenye swali kwa Kifaransa, maandishi yahifadhiwe au la, kikingoja ajibu ndiyo au hapana. Tangu hapo hakuna herufi iliyoingia. Mashine ilisimama ikingoja jibu, naye akaendelea kuandika, jina baada ya jina, kwa utulivu kabisa, na ukurasa ukabaki vilevile.

Mama yangu hajawahi kugusa kompyuta hadi leo. Akaniinamia na kunong'ona, "Huyu haoni hicho kisanduku. Anaona pale katikati tu, mahali padogo kama sahani."

Mimi nilikaa siku mbili nzima na yule mama na sikuliona hilo. Sista hakuliona pia, kwani alipokuwa akipita chumbani alisikia vidole vinaenda akaridhika.

"Mama, ngoja kidogo," nikasema. "Mashine imekuuliza swali."

Vidole vikasimama. Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu ya kuchoka. "Basi nirudi ziwani," akasema.

Sikumwelewa, nikamuuliza. Akakigeuza kiti, akaniambia polepole, na Kiswahili chake kilikuwa na Kivu chake lakini sikupoteza neno. "Batoto sibakumbuki kwa miaka. Nabakumbuka kwa njia. Naanzia ziwani, pale mitumbwi inafika. Nyumba ya kwanza ni ya mama mwenye mapacha. Napiga hodi, naingia, tunasalimiana, ananionyesha batoto bake mukubwa mpaka mudogo. Natoka, naenda kwa jirani. Vile vile, kupanda, mpaka kanisani, mpaka shuleni, mpaka nyumba za juu kabisa. Mutu akiniita katikati, njia inakatika. Siwezi kuanzia katikati. Lazima nirudi ziwani."

Ndiyo maana walishindwa kumwandikia. Kila mara mwenzake aliuliza jina hili linaandikwaje, na kila swali lilimtelemsha hadi kwenye maji.

"Tangu Alhamisi," akaendelea, "kila siku bananiita kula, bananiita kusali, njia inakatika. Nyumba za chini nimebasalimia mpaka nimechoka. Za juu sijafika hata mara moja. Na za juu njo nimeanza kusahau."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda hadi masikioni. Mashine ile nilikuwa nimeipamba kwa ajili ya macho ya watu wanaosimama nyuma ya kiti. Anayeketi kitini sikumfikiria hata kidogo. Na siku tatu za mama yule, pamoja na mwanga wa siku tatu ambao hakuwa na wa kuchezea, zilikuwa zimeingia hewani kwa sababu ya kiburi changu. Nikamwomba msamaha. Akapunga mkono tu, eti majina bado anayo.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya kwa mikono, nikabaki na mdomo, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikamuuliza mteja anataka nini kisha nikanyamaza kusikia jibu.

"Ijue Kifaransa chote, Mama, au sehemu tu?"

"Ijue alama za majina, zile za juu ya herufi, maana mutoto akiandikwa bila alama yake atakataliwa. Mengine inyamaze."

"Ukiiwasha ikusalimie? Naweza kuifundisha ikuamkie vizuri kwa Kifaransa."

"Isiniambie kitu," akasema. "Mi njo nitaiambia."

Mama yangu alicheka hadi akashika ubavu. Mpaka tunaondoka wale wazee wawili walikuwa wanazungumza habari za uzazi kwa lugha ambayo hawakuelewana vizuri, na Mama mkunga alikuwa amekubali uji.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya kazi kwangu kama Jumanne yoyote. Masista walikwenda Misa na kuniachia ufunguo. Nilifuta ile Linux ya rangi kwenye mashine ya Mama bila kuionea huruma na kuweka ile nyeusi. Hata hiyo sikuiweka yote. Niliacha nje madirisha, picha, michezo, na kila kitu ambacho yeye asingekiita kwa jina. Nikaifundisha ikiwashwa iende moja kwa moja kwenye ukurasa mtupu, isitake jina la mtumiaji wala neno la siri. Herufi nilizifanya nene, na mistari mifupi, ikae katikati pale penye sahani yake. Nikaiambia ihifadhi yenyewe kila baada ya mistari michache, na ikishahifadhi itoe mlio mmoja mdogo, ili ajue bila kutazama. Kibodi ikabaki ya Kifaransa kama vidole vyake vilivyoijua. Mausi niliichomoa nikaitia kwenye katoni.

Walipotoka kanisani nilikuwa nimeshamaliza. Mashine ile ile iliyokuwa ikihema zaburi nzima sasa ilifika kwenye ukurasa kabla hujamaliza kusalimiana na mtu vizuri. Mama akaketi. Mimi nikasimama nyuma yake na, kwa kujihofia mwenyewe, nikashika mikono mgongoni. Akaandika jina moja, la yule mkubwa wa mapacha, lenye alama yake juu ya herufi. Akasogea hadi pua ikakaribia kioo, akatazama kwa muda.

"Iko," akasema. "Alama iko."

Mlio ukasikika. Nikalazimika kugeukia dirishani nijifanye natazama migomba.

Sikuamini upesi, na Jumatatu nilipiga simu kutoka dukani. Sista mkuu akaniambia stima ilipotea mchana kutwa, ikarudi, Mama akawasha, na maandishi yote yalikuwepo. Nikamwomba arudie. Akarudia. Tajiri akaniuliza mbona nacheka peke yangu, nikamweleza kisa chote, pamoja na habari ya kuikalia mikono. Akasema basi nami niwe naikalia hapa dukani angalau siku moja kwa juma. Nilianza kujaribu, na wateja wengine hadi leo hawajui waliponea wapi. Baada ya majuma mawili masista wengine nao wakaniomba niwabadilishie mashine zao, kwa sababu ile ya Mama ilikuwa ya haraka na zao za rangi ziliwachosha.

Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha nilipopitia kwao tena, Ijumaa alasiri nikielekea kwa mama. Sista mkuu alikuwa uani anaanika nguo. Aliniashiria niingie tu. Mlangoni nikafungua mdomo niulize mashine inaendeleaje, na Mama, bila kugeuka, akainua mkono mmoja juu. Nikaufunga mdomo papo hapo. Nikaketi kwenye lile benchi la ukutani, na bila kuambiwa na mtu nikaitia mikono chini ya mapaja.

Aliandika. Midomo yake ilikuwa ikisalimia watu nisiowaona. Kila baada ya muda mlio mdogo ulisikika, naye akaendelea. Kichwa sasa alikiinamisha kabisa, hakutazama tena kioo, na nilielewa kwamba hata ile sahani ya katikati ilikuwa imepungua. Nje mwanga uliteremka kwenye majani chai, nikajua natakiwa kuondoka. Sikuweza. Kusimama kungefanya benchi lilie, na sikujua yuko nyumba ipi.

Mlio ukasikika tena, na vidole vikatulia juu ya kibodi.

"Umefika wapi, Mama?" nikauliza kwa woga.

"Nimetoka nyumba ya mwisho," akasema. "Juu kabisa, pale njia inaishia. Mama wa pale nilimupokelea batoto sita. Bote nimebaandika."

Akapapasa pembeni mwa mashine akaizima mwenyewe. Kisha akakunja mikono, akafumba macho, na midomo ikaanza tena kwenda taratibu. Nikamuuliza anafanya nini sasa, mbona kazi imekwisha.

"Narudi ziwani," akasema. "Leo hakuna mutu amenirudisha."

Jua lilikuwa limeshatua, nami nilikuwa na nusu saa ya kutembea na mama wa kujieleza mbele yake. Nikabaki pale pale kwenye benchi, nikaikalia mikono, nikamwacha ateremke polepole.